Kifaa cha shinikizo hasi hakivuti, kinaumiza au hakinyamazi: kutafuta kosa kuanzia kidondani hadi kwenye pampu

Mwongozo huu ni wa fundi vifaa tiba, muuguzi wa wodi ya upasuaji na mbunifu anayeunda au kurekebisha kifaa cha kutibu kidonda kwa shinikizo hasi. Umepangwa kwa dalili, kwa sababu simu inayomfikia fundi usiku haisemi "vali imechoka". Inasema "hakivuti". Chini ya kila dalili, sababu zinaanzia ile ya kila siku na kuishia ile ya nadra, na ukaguzi unaanzia ule usiohitaji bisibisi.

Kwanza msingi wenyewe. Mwaka 1997 Louis Argenta na Michael Morykwas, waliokuwa Winston-Salem, North Carolina, walichapisha kazi iliyoeneza tiba hii duniani: sponji yenye matundu wazi inajazwa kidondani, inafunikwa kwa plasta ang'avu ya kunata, mrija unatoka hapo hadi kwenye chupa, na pampu inavuta hadi 125 mmHg (milimita za zebaki) chini ya shinikizo la hewa. Katika majaribio yao kwa nguruwe, damu iliyopita kwenye kidonda iliongezeka zaidi ilipovutwa kwa 125, na ilipofikishwa 400 ikashuka hata chini ya kiwango cha kawaida. Ndiyo maana namba hii 125 imeandikwa kila mahali, na ndiyo maana "vuta zaidi ili kipone haraka" ni fikra ya hatari.

Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Danielle Zurovcik, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, alipeleka huko pampu ya mvukuto wa plastiki, ya kubana kwa mkono, isiyohitaji umeme, ambayo gharama yake ilikuwa kama dola 3. Kazi hiyo iliendelezwa baadaye Rwanda. Kilichojitokeza humo kinapaswa kubandikwa ukutani kwa kila mbunifu: kinachoamua ukubwa wa pampu ni kiasi cha hewa inayovuja chini ya plasta. Ukiziba vizuri, mkono mmoja na mvukuto vinatosha. Usipoziba, hata mota ya bei kubwa itahangaika usiku kucha. Kwa hiyo anayebuni kifaa cha kuendana na mazingira yetu aanze na ngozi: jasho, nywele, mkunjo wa kinena, kisigino, nafasi kati ya vidole. Pampu ije mwisho. Na utafutaji wa kosa ufuate njia hiyo hiyo.

Kabla ya dalili yoyote: mambo yanayosimamisha kazi

Damu nyekundu mbichi kwenye mrija au chupani: zima mvuto papo hapo, bana mrija, kandamiza juu ya kidonda kwa mkono, ita daktari. Usibandue plasta wala kung'oa sponji, kwa sababu sponji hiyo inaweza kuwa ndiyo inayozuia mshipa usimwage zaidi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa tahadhari mwaka 2009 na kuihuisha mwaka 2011, ikiwa imepokea taarifa za vifo 12 na majeruhi 174 tangu 2007. Kutokwa damu ndilo tatizo baya kuliko yote lililotajwa. Taarifa hizo zilihusu vifaa vya viwandani vilivyopita ukaguzi. Chetu tulichounganisha karakanani kinahitaji uangalifu zaidi ya huo.

Pia fundi asikubali kuwasha kifaa pale daktari hajathibitisha kwamba kidonda hakina saratani, hakina tishu iliyokufa yenye gamba jeusi, hakina maambukizi ya mfupa yasiyotibiwa, hakina fistula (njia isiyo ya kawaida inayounganisha kidonda na kiungo cha ndani) ambayo haijachunguzwa, na kwamba mishipa ya damu, neva au viungo vya ndani haviko wazi chini ya sponji. Haya hayatatuliwi kwa vali wala kwa plasta.

Kipimo cha kati: kifanye kila mara kabla ya kubahatisha

Bana mrija kwa klempu karibu kabisa na plasta, kisha acha pampu ivute. Geji ikipanda hadi 125 na kukaa, pampu, chupa, kifuniko na viungo vyote vya upande huo ni vizima, na kosa liko kwenye mwili wa mgonjwa. Ikigoma kupanda, mwache mgonjwa apumzike, kosa liko mikononi mwako. Sogeza klempu hadi kati ya chupa na pampu urudie. Kwa kubana sehemu mbili utakuwa umejua kosa liko katika theluthi ipi ya kifaa, na bado hujafungua skrubu hata moja.

Dalili: mvuto haufiki 125, au unafika kisha unashuka

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote. Sababu ya kwanza, na hapa sihitaji kusita, ni plasta kuvuja kwenye ukingo. Chukua stetoskopu, toa kile kichwa chake, upitishe mrija wazi pembezoni mwa plasta huku kifaa kikivuta. Mlio mwembamba wa hewa utausikia pale pale ilipo njia. Mahali pa kuanzia ni mrija unapoingilia, kisha mikunjo ya ngozi, kisha sehemu yenye nywele.

Tiba ya haraka ni kiraka cha plasta juu ya mvujo. Kikishindikana mara mbili, usiendelee kurundika viraka. Bandua, safisha, anza upya: nyoa nywele, kausha ngozi mpaka ikauke kweli, paka kinga ya ngozi ya kunata iachwe ikauke, kisha weka plasta inayopita ukingo wa kidonda kwa sentimita 3 hadi 5 kila upande. Usiivute plasta wakati wa kubandika. Ikivutwa, itarudi taratibu na kuinua ngozi malengelenge. Kwenye mikunjo, jaza bonde kwa vipande vya plasta ya hidrokoloidi au kwa ubandiko wanaotumia wagonjwa wa stoma (tundu la choo lililofunguliwa tumboni), ili plasta ikae juu ya tambarare.

Hapa ndipo ubunifu unapolipa. Mrija unaochomekwa kwa kutoboa plasta huacha tundu lenye umbo gumu kuziba. Mrija unaokaa juu ya plasta kwa kitako bapa laini, chenye tundu katikati, hauvuji sana kama huo na hauchimbi ngozi. Kama unatengeneza kifaa kimoja cha kutumika kwenye paja, mguuni na mgongoni, tumia muda wako mwingi kwenye kitako hicho kabla ya kuchagua mota.

Sababu ya pili ni viungo vya mirija: koki ya njia tatu iliyolegea, kifuniko cha chupa kilichokaa upande, mpira wa kifuniko uliochemshwa na kuvukizwa mara nyingi hadi ukakakamaa. Kipimo cha kati kitakuambia. Ya tatu ni vali ya njia moja kurudisha hewa, kwa kawaida kwa sababu ya chembe au majimaji yaliyokaukia humo. Ya mwisho ni diaframu ya pampu, yaani utando wake unaosukuma hewa, kuchanika.

Ukitaka kujua mvujo ni mkubwa kiasi gani, usitegemee sikio. Vuta hadi 125, funga koki kati ya chupa na pampu, angalia saa. Kiasi cha hewa iliyoingia ni ujazo wa chupa mara mshuko wa geji, gawanya kwa shinikizo la hewa la mahali ulipo. Chupa ya mililita 500 ikishuka kutoka 125 hadi 75 ndani ya dakika moja, pwani ambako shinikizo la hewa ni kama 760, hiyo ni 500 × 50 ÷ 760, yaani kama mililita 33 kwa dakika. Pampu ya umeme inayovuta lita 2 kwa dakika haitahisi chochote. Mvukuto wa mkono wa mililita 150 utakuwa umekwisha baada ya dakika tano hivi. Kwa pampu ya mkono mimi sikubali zaidi ya mshuko wa 10 ndani ya dakika 15 kwenye chupa hiyo, kama mililita 26 kwa saa, ambazo muuguzi anaweza kuzirudisha kwa kubana kila baada ya saa tatu hivi.

Wapo wanaosema pampu kubwa basi ndiyo jibu, iachwe ivuje. Hapana. Hewa inayoingia inapita juu ya kidonda kabla ya kufika mrijani, inakikausha, na tiba hii inategemea unyevu. Pampu kubwa inaficha kosa tu.

*Simama na umwite daktari au muuguzi mwenye dhamana* ikiwa mvuto umekosekana kwa zaidi ya saa 2. Sponji iliyokaa kidondani bila kuvutwa ni makazi ya vijidudu. Inatolewa na kidonda kinafungwa kwa gozi yenye unyevu mpaka kifaa kitengemae.

Dalili: geji inasoma 125 lakini sponji imetuna

Hii inaniogopesha kuliko ile ya kwanza, kwa sababu kila mtu wodini anaamini mambo ni shwari. Sponji inayovutwa sawasawa husinyaa, hukunjamana na kuwa ngumu ukiigusa. Ikibonyea laini, pampu inavuta mrija mtupu na kidonda hakipati kitu.

Anza na macho: mrija umekunjwa chini ya paja la mgonjwa au umebanwa na kitanda? Klempu imesahaulika imefungwa? Haya mawili yanamaliza simu nyingi. Halafu angalia rangi ndani ya mrija. Majimaji mazito au damu iliyoganda huziba, hasa pale ulipotumika mrija wa dripu. Mrija ukipunguzwa kipenyo nusu, ukinzani wake kwa majimaji huongezeka mara 16, na ule wa dripu ulitengenezwa kwa maji ya chumvi, haukutengenezwa kwa usaha. Tumia mrija wa sakshen (mashine ya kufyonza majimaji) wenye ukuta mnene. Mirija myembamba ya plastiki laini hulegea siku ya joto kali na kunywea yenyewe kwa mvuto ule ule unaoutaka.

Sababu inayofuata ni chujio. Chujio lisilopitisha maji linalolinda pampu likilowa mara moja hujifunga, nayo ndiyo kazi yake. Dalili zake ni geji kupanda ghafla, pampu kunyamaza, chupa kutoongezeka hata tone. Badilisha chujio. Usilikaushe ulirudishe, na usilitoboe "ili lipumue", kwa kuwa zaidi ya hapo kuna pampu ambayo kesho itavutia mgonjwa mwingine. Kama chujio linalowa mara kwa mara, chupa inajaa kuliko inavyoangaliwa au imelazwa upande. Weka kielea cha kufunga mlango wa juu, kama kile cha mashine ya sakshen.

Sponji yenyewe inaweza kuwa kosa. Puliza hewa kwa mdomo kupitia kipande cha aina ile ile ambacho hakitatumika: isipopita kwa urahisi, matundu yake yamefungwa na haifai. Sponji za viwandani za tiba hii zina matundu ya mikromita 400 hadi 600. Sponji ya godoro inaweza kuonekana sawa, lakini haijulikani imechanganywa na nini, na humeguka vipande vinavyobaki ndani ya kidonda. Mahali ambapo sponji ya hospitali haipatikani, rudi kwenye gozi iliyolowanishwa kwa maji ya chumvi na mrija uliozungushwa ndani yake. Mark Chariker na wenzake walichapisha njia hiyo mwaka 1989, miaka minane kabla ya sponji kupata umaarufu, na kwa kawaida huvutwa kwa 80 mmHg. Gozi ni rahisi kupata, inajaza vishimo vyenye umbo gumu, na kila hospitali ya wilaya inajua kuitakasa kwa mvuke.

Dawa ya kudumu kwa dalili hii inawekwa wakati wa kubuni. Weka mrija wa pili mwembamba, usiobeba majimaji, unaotoka kwenye kitako juu ya kidonda moja kwa moja hadi kwenye geji au sensa. Kuanzia hapo kifaa kinapima kidonda. Mbinu nyingine ni tundu dogo la makusudi lenye chujio karibu na kitako, linaloingiza hewa kidogo mrijani ili kusukuma majimaji yasitulie. Lifanye tu kwenye kifaa cha mota. Kwenye mvukuto wa mkono litakula mvuto wote.

*Usijaribu kamwe* kuzibua mrija kwa kusukuma maji au hewa kuelekea kwa mgonjwa. Badilisha mrija.

Dalili: geji mbili hazikubaliani

Kagua vizio kwanza. Geji za fundi wa friji husoma inchi za zebaki, na 125 mmHg ni kama inchi 4.9. Zile za bar zinapaswa kuonyesha 0.167, na za kilopaskali 16.7. Kosa ninaloliona likirudiwa ni kuweka 125 kwenye sensa ya milibar: hapo umevuta 94 mmHg tu, karibu robo pungufu, na kila rekodi ya wodi itaandikwa "125".

Kisha urefu. Majimaji yanayojaza mrija yana uzito. Chupa ikitundikwa sentimita 50 juu ya kidonda na mrija umejaa, kidonda kinapungukiwa na karibu 37 mmHg: pampu inaonyesha 125, kidonda kinapata 88. Chupa ikiwekwa sakafuni chini ya kitanda, hesabu inageuka na kidonda kinaweza kupata 160 na zaidi. Kwa hiyo chupa ikae usawa wa kidonda, na mabano ya kifaa yaruhusu hivyo kwa mgonjwa aliyelala, aliyeketi na anayetembea.

Ukishakosa imani na geji zote mbili, rudi kwa maji. Mrija angavu wima, ncha ya chini kwenye ndoo, ya juu kwenye pampu kupitia chupa tupu ya kinga: kwa 125 mmHg maji yapande sentimita 170 kutoka usawa wa maji ndooni. Kipimo hiki hakina betri wala cheti cha kuisha muda, na kila karakana inaweza kukitengeneza kwa mrija na futi ya fundi cherehani. Geji ya mashine ya presha ya mkononi usiitumie, imeundwa kupima shinikizo la kusukuma na inaharibika ikivutwa.

Dalili: pampu haipumziki, betri haifiki asubuhi

Mvujo, tena. Rudi kwenye dalili ya kwanza kabla ya kununua betri kubwa.

Kama mvujo ni mdogo na bado mota inawaka na kuzima kila sekunde chache, pengo la kuwasha na kuzima ni finyu mno. Iwashe mvuto ukishuka hadi 115, uizime ukifika 135. Chupa kubwa zaidi pia hupunguza mizunguko, lakini soma kwanza kuhusu watoto hapo chini. Vali ya njia moja ikirudisha hewa kupitia pampu iliyozima, utaona geji ikishuka haraka kuliko hesabu yako ya mvujo inavyoruhusu.

Pampu za tangi la samaki zilizogeuzwa ili zivute, ambazo zimetumiwa na madaktari Ufilipino miongoni mwa wengine, ni wazo zuri, ila nyingi zinatumia umeme wa ukutani moja kwa moja. Mgonjwa ameunganishwa na mashine hiyo kwa mrija uliojaa maji ya chumvi. Kifaa cha volti 12 chenye adapta nzuri na betri kinafaa zaidi kwa wodi ambayo umeme unakatika, na kinamfaa zaidi mgonjwa. *Waya ukichubuka, adapta ikinuka kuungua, au mtu akihisi mtekenyo wa umeme akigusa kifaa, kichomoe na kisirudi wodini mpaka fundi wa umeme wa hospitali akipime.*

Dalili: mgonjwa analalamika maumivu

Maumivu ya dakika za kwanza baada ya kuwasha ni ya kawaida. Anza na 50 au 75, upande taratibu. Mvuto wa kuwaka na kuzima, ambao majaribio ya wanyama yaliuonyesha ukikuza nyama mpya haraka kuliko ule wa mfululizo, huuma zaidi kwa sababu sponji inapanuka na kusinyaa kila mzunguko. Mpe mgonjwa wa mfululizo, na muulize daktari kama 100 au 80 inatosha.

Maumivu ya wakati wa kubadilisha yana sababu moja kubwa: nyama mpya imeota ndani ya matundu ya sponji. Zima mvuto, ingiza maji ya chumvi kwenye sponji, subiri dakika 15 hadi 30, ndipo uitoe polepole. Dawa ya maumivu itangulie. Safari inayofuata tandika gozi ya mafuta yenye matundu chini ya sponji, na usiruhusu ipite saa 48 hadi 72 bila kubadilishwa. Ya kidonda chenye maambukizi hubadilishwa mapema zaidi.

Kisha kagua kama kuna kitu kinavuta kupita kiasi. Bomba la sakshen la ukutani bila kidhibiti cha mvuto mdogo linaweza kuzidi 400. Sirinji ya mililita 60 iliyovutwa na kuzuiwa kwa kijiti, njia inayopendwa sana kwenye vituo vidogo, huanza na mvuto mkubwa usiojulikana na kuishia na sifuri. Ukipenda kifaa cha mkono, tumia springi ndani ya mvukuto ili nguvu yake iwe ndiyo kikomo: mvukuto wenye eneo la sentimita 20 za mraba unahitaji springi ya nguvu kama kilo 3.4 ili ufike 125, na hata ubanwe na mtu mwenye nguvu namna gani hautavuka hapo. Kwenye kifaa cha mota au cha ukutani weka vali ya usalama ya kimakanika inayoingiza hewa mvuto ukipita kikomo, hata kama kuna sensa na programu.

*Maumivu makali yasiyopungua, vidole kuwa baridi, kufa ganzi au kubadilika rangi kwenye mguu au mkono uliozungushiwa plasta:* zima, fungua plasta, ita daktari sasa hivi. Plasta isizungushwe duara kamili kwenye kiungo.

Dalili: ngozi pembeni imelowa, imekuwa nyeupe, au kuna harufu

Sponji imepita ukingo na inakaa juu ya ngozi nzima. Ikate iingie ndani ya kidonda. Harufu nyepesi wakati wa kubadilisha hutokea. Harufu kali yenye homa, wekundu unaosambaa au majimaji yaliyogeuka rangi ni kazi ya daktari.

Kama kidonda kinanuka bila sababu, fikiria kipande cha sponji kilichosahaulika. Idadi ya vipande vilivyoingizwa iandikwe kwa kalamu juu ya plasta yenyewe, na vinavyotoka vihesabiwe mbele ya mtu wa pili. Kata kipande kimoja kikubwa badala ya vidogo vitano.

Dalili: chupa inajaa haraka kuliko kawaida

Kwa mtu mzima mwenye kidonda kikubwa cha kuungua inaweza kuwa majimaji ya kawaida, na kazi ni kurekodi kiasi na kumwarifu daktari ili maji ya mwili yarudishwe. Kwa mtoto hali ni nyingine. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800 mwilini mwake mwote. Chupa ya mililita 500 inaweza kumeza zaidi ya nusu yake kabla kengele ya "chupa imejaa" haijalia. Kifaa kinachodai kuendana na kila mgonjwa kiwe na chupa ndogo ya watoto, yenye kufunga mvuto ikijaa, na kiungo ambacho hakikubali chupa ya mtu mzima kwa bahati mbaya. Hili ningeliweka mbele ya skrini, ya kuunganisha simu na ya mapambo yote.

Dalili: kilifanya kazi pwani, juu milimani hakifiki

Kifaa kimejaribiwa Dar es Salaam, kikafika 150 bila shida. Kimepelekwa Nairobi au Kigali, kinagota kwenye 120 na kengele inalia. Fundi anabadilisha diaframu, hakuna mabadiliko. Pampu ni nzima. Pampu ndogo huweza kuondoa sehemu fulani tu ya hewa iliyopo, na hewa ya Nairobi, kama mita 1,700 juu ya bahari, ina shinikizo la kama 620 badala ya 760. Ile 150 ya pwani inakuwa 150 × 620 ÷ 760, kama 122.

Kabla ya kulaumu mwinuko, fanya kipimo cha kati na uzibe mivujo, maana pampu iliyobaki na akiba ndogo huonyesha kila mvujo. Kisha chagua pampu ambayo mvuto wake wa juu kabisa usawa wa bahari, mrija ukiwa umebanwa, unafika 200 au zaidi, na uiachie vali ya usalama kazi ya kuweka kikomo. Hakikisha pia sensa inapima tofauti na hewa ya mahali ilipo. Sensa inayopima kutoka utupu kamili, kama haikurekebishwa, itaona hewa ya Nairobi na kudhani tayari imevuta 140, hivyo mota haitawaka kabisa. Kwenye kibandiko cha kifaa, pembeni ya volti na tarehe ya ukaguzi, andika mvuto wa juu kabisa uliopimwa na mji ulipopimiwa.